Kila Ramadhani Nilipona Kupita Kiasi

Asalaam aleikum, jamani. Na wenzangu wa Jumapili, Bwana asifiwe. Naona mmeitika kwa nguvu, alhamdulillahi, maana mwezi uliopita aliyesimama hapa alisalimu mara tatu na watu wote macho yalikuwa kwenye viazi karai. Leo viazi bado havijafika, kwa hivyo mtanisikiliza.

Mwenyekiti ameniambia nina dakika kumi. Mwenyekiti, wanijua. Mimi nikiulizwa pilau hupikwaje, huanzia kwa aliyepanda mchele. Lakini nitajaribu.

Wengi humu mwaijua sufuria yangu kabla ya kuijua sura yangu. Mimi ni mpishi wa shughuli, mkaazi wa hapa Junda. Harusi, matanga, maulidi, hata sherehe za kanisa la hapo nyuma nimezipikia. Tangu mwanangu wa kike yuko mgongoni nimesimama mbele ya moto, na sasa huyo mwanangu ni mtu mzima mwenye mume. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Kikundi chetu ni cha watu wa dawa za kila siku. Wako wa presha, wako wa sukari. Mimi ni wa tezi, hii ya hapa kooni, thairoidi. Kazi yake, kama nilivyoelezwa, ni kuchochea moto wa mwili. Mchochea kuni akilala, chungu hakichemki. Basi mchochezi wangu alilala, na mimi nikalala naye.

Ilianza kwa baridi. Ndugu zangu, nawaambia, nilivaa sweta Kisauni mwezi wa Januari! Watu wanajipepea kwa magazeti, mimi natafuta soksi. Uso ukajaa, sauti ikawa nzito kama ya mzee wa soko, nywele zikabaki kwenye kitana. Na watu wa pwani mwatujua: kila aliyeniona alinisifu. "Mashallah, umenawiri, mumeo akutunza!" Mume wangu akawa anatembea kifua mbele, na mimi siwezi kupanda ngazi tatu.

Nikajua mambo yameharibika siku ya harusi moja huko Bofu. Nilikuwa nimepalia makaa juu ya mfuniko, nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikasema nifumbe macho kidogo. Harufu aliisikia mwenye shughuli kabla yangu. Nilipofunua sufuria, wali wa chini ulikuwa mweusi, na wa juu umechukua moshi wote. Mimi! Watu walikula kwa heshima, na hakuna kitu kinachomuumiza mpishi kama kuliwa kwa heshima.

Mwanangu alinishika mkono siku ya pili akanipeleka kiliniki. Wakatoa damu, wakapima, wakaniambia tezi imelala, kuna kidonge kidogo cha kuisaidia, nitakimeza kila siku. Muuguzi, msichana mdogo, sauti nzuri, akaniambia: "Mama, umeze asubuhi mapema, tumbo tupu, kwa maji. Halafu ungoje, ndipo ule."

Hapa nawaomba msinicheke. Nilimsikia. Mimi si kiziwi. Lakini marehemu mama yangu alitulea watoto saba kwa sheria moja ya dawa: dawa haimezwi tumbo tupu. "Dawa isipokuta chakula," alikuwa akisema, "hula tumbo." Hata tembe ya kichwa, alikupa kwanza kipande cha mkate. Nikamtazama yule msichana, nikasema moyoni, huyu ni mtoto, hajui, mimi nalijua tumbo langu. Nikamjibu, "Ahsante mwanangu," nikaenda zangu nyumbani na sheria ya mama.

Sasa, nina jirani yangu. Yumo humu ndani, na leo simtaji mtu jina, lakini yuajijua. Msimtazame! Ni Mgiriama, mtu wa Jumapili, anafanya kazi ya shanga Bombolulu, na kwa miaka chungu nzima kabla hajaenda kazini huja barazani kwangu tukanywa chai. Chai ya maziwa iliyoiva vizuri na iliki, mahamri, na mbaazi za nazi. Basi kidonge changu nilikimeza hapo hapo, kwa funda la chai ya maziwa, katikati ya hamri la kwanza na la pili. Kila siku. Sikukosa hata siku moja, na jirani yangu ni shahidi.

Baada ya miezi miwili nikapimwa tena. Karatasi ya kwanza iliandikwa herufi tatu, TSH, na mbele yake ishirini na mbili. Hii ya pili ikawa ishirini na saba. Ndugu zangu, nilifurahi! Nilimpigia mume wangu simu nikiwa bado langoni. "Nimepanda!" Yeye akasema mashallah, akanunua samaki. Tukala samaki changu wa kupaka kwa furaha ya alama zangu. Mwanangu alipofika jioni akaisoma ile karatasi, akaniangalia, akamwangalia samaki, akasema, "Mama, kupanda huku ni kubaya."

Baadaye ndipo nilipoeleweshwa. Ile namba si ya tezi, ni ya ubongo unaoiita tezi. Chukua mama anayemwita mtoto. Mtoto akiitika "abee" mara ya kwanza, mama hana haja ya kupaza sauti. Asipoitika, mama hupiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Namba kubwa ni ukelele mkubwa. Basi ubongo wangu ulikuwa unapiga kelele na mtoto amelala fofofo, na sisi twala samaki.

Daktari akaniongezea dawa. Nikarudi, ishirini na moja. Akaongeza tena. Na muuguzi akaanza kuniuliza kwa lile jicho mnalolijua.

"Mama, dawa wameza?"

"Wallahi nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Wameza vizuri?"

"Vizuri sana."

Na kwangu mimi, vizuri ilikuwa ni pamoja na mahamri mawili.

Ikaja Ramadhani. Mimi hufunga, na daktari aliniruhusu, akasema nimeze nikifungua. Sasa mwezi ule, mpishi hana nafasi. Magharibi ikiadhiniwa, watu kumi wangojea futari kwangu. Nikaona nisije nikasahau, nikawa nafungua kwa maji na kidonge, naenda kuswali, kisha naanza kupakua. Huyu uji, huyu sambusa, huyu ataka tui liongezwe kwenye muhogo. Mimi huketi wa mwisho, saa nzima ishapita. Na sheria ya mama je? Nilijipa fatwa mwenyewe: mwezi mtukufu hakuna kinachodhuru.

Idi ilipofika, nilikuwa mtu mwengine. Moyo unakwenda mbio kama umeiba. Jasho. Sweta nimeitupa. Nikiongea, maneno yanapandana. Mume wangu akauliza tu chumvi iko wapi, nikamjibu mpaka akaenda kuketi msikitini. Na mikono! Nilipikia maulidi moja, nikachukua kopo la chumvi, mkono ukatetemeka, chumvi yote ikaingia kwenye biriani. Mara hii watu hawakula hata kwa heshima.

Nikapimwa. Kutoka ishirini na moja, nikawa sufuri nukta sufuri moja. Daktari akaisoma mara mbili. "Mama, ulimeza mbili mbili?" Wallahi, nilihisi machozi. Mwezi uliopita simezi, mwezi huu nazidisha. Nimekuwa mwongo wa pande zote mbili! Nilitoka pale nikaketi kwenye benchi la nje nikalia, mtu mzima mimi, nimeshika karatasi. Kuumwa nilikuwa nimezoea. Kilichonichoma ni kuwa nasema kweli na siaminiki.

Akapunguza dawa. Nikarudi nyumbani, kwenye baraza langu, kwenye chai yangu. Miezi mitatu, namba ikawa kumi na tisa, na sweta imerudi. Nikasema maabara hii haijui kupima, nikaenda ya pili mtaa mwengine. Nao wakasema yayo hayo. Dawa ikapandishwa tena.

Katikati ya hayo, mwanangu akaja kuposwa. Kijana mwema, watu wao wa Likoni, harusi ikapangwa mwezi wa Mfungo Sita, baada ya maulidi. Jamani, nimepikia mabinti wa watu mpaka sikumbuki idadi. Kila sufuria niliyoifunua nilisema kimoyomoyo, iko siku nitaipika ya kwangu. Hiyo ndiyo niliyokuwa nikiingojea maishani. Si dhahabu wala si nyumba ya ghorofa. Kuipika pilau ya mwanangu kwa mkono wangu.

Dada yangu mkubwa akaitisha kikao cha familia, mimi nimo, lakini wanazungumza kama simo. "Tukodi mpishi," akasema. "Huyu akilala, wali utaungua. Akiamka, atatia chumvi ya bahari nzima. Siku ile hatujui atakuwa yupi." Nilitaka kumjibu. Lakini hata mimi sikujua nitakuwa yupi.

Ramadhani ya pili ikaja, ikapita. Baada ya Idi, moyo mbio, mikono yatetemeka, namba iko chini kabisa. Ndipo nikachoka. Nawaambia kweli yangu: niliamua naacha kupimwa. Asubuhi moja nilizichukua karatasi zote za vipimo, nikazipeleka kwenye jiko la makaa. Nikasema angalau ziwashe moto, maana hakuna kazi nyengine ziliyonifanyia.

Jirani yangu akaingia na vikombe vyake mkononi. Akaona. Mtu huyu hana haraka katika maisha yake, lakini siku ile alizinyakua zile karatasi jikoni, moja pembe yake ishashika moto, akaipiga kwa leso.

"Shoga, una wazimu?"

"Nina tezi," nikamwambia.

Hakucheka. Akatandika leso yake barazani, akaanza kuzipanga karatasi moja moja kufuata tarehe. Mnajua mtu wa shanga, hawezi kuona vitu vimechanganyika akavipita. Kubwa, kubwa, kubwa, ndogo. Kubwa. Ndogo. Alizitazama mpaka chai ikaanza kupoa.

"Hebu njoo. Hizi mbili ndogo ni za mwezi gani?"

"Zote za baada ya Idi."

"Basi Ramadhani ndiyo yakuponya."

"Ramadhani humponya kila mtu, shoga."

"La, wewe yakuponya hadi watetemeka. Wafanyani Ramadhani usilolifanya siku nyengine?"

Nikamhesabia. Nafunga. Naswali tarawehe. Nasoma juzuu. Sina hasira.

"Hilo la mwisho si kweli," akasema. Kisha akageuza kikombe chake, na akasema kwa sauti ndogo, hata haikuwa ya kunijibu mimi: "Mimi nijualo ni moja tu. Mwezi ule, chai yangu nainywa peke yangu."

Tukatazamana. Nikatazama kikombe. Nikatazama hamri lililo mkononi mwangu, na kidonge kilicho ndani ya sahani, tayari kwa kumezwa. Na sauti ya yule msichana wa kiliniki ikanirudia yote: mapema, tumbo tupu, kwa maji, ungoje. Ramadhani peke yake ndiyo nilikuwa nameza nilivyoambiwa, na hata sikukusudia.

Hatukumaliza chai. Jirani yangu siku ile alichelewa kazini, akanifuata mpaka kiliniki, karatasi ziko kwapani mwake. Tukamweleza daktari: chai, maziwa, mahamri, futari, maji. Akasikiliza yote. Kisha akajipiga kipaji cha uso, akacheka, na baada ya kucheka akaniambia neno ambalo sitalisahau. "Mama, niwie radhi. Miaka miwili nakuuliza kama wameza. Sikukuuliza wameza na nini."

Akatueleza. Kidonge hiki kikikutana na chakula, na maziwa, huingia mwilini kidogo tu, kingine hupotea. Nikimeza na chai, nusu yapotea, namba yapanda, wao waongeza dawa. Nikimeza na maji kwenye tumbo tupu, dawa ile iliyoongezwa yaingia yote, na mimi natetemeka. Hakuna maabara iliyokosea. Karatasi zote zilisema kweli, na mimi nilisema kweli, ila kweli yangu ilikuwa nusu.

Nikamwambia, "Niwie radhi na wewe, daktari, maana muuguzi wako alinionya siku ya kwanza, nikajifanya mjuzi." Nikaenda nikamtafuta yule msichana, nikamshika mikono yote miwili. Akaniambia, "Mama, hata bibi yangu humeza na chai."

Daktari akanipa kipimo kimoja cha dawa, nikimeze baada ya sala ya alfajiri, kwa maji, ningoje saa nzima. Ramadhani tukapatana wakati wake mapema, kabla haijaingia. Na nisikimbilie kupima kila nikijisikia vibaya, nipe mwili wiki zake. Nikangoja, jamani, na kungoja si kazi yangu. Karatasi ilipokuja iliandikwa mbili. Mbili tu! Mara hii nilimpigia mume wangu simu nikamwambia, "Nimeshuka," naye akanunua samaki kwa haki.

Mfungo Sita nilisimama mbele ya masufuria sita. Mkono haukutetemeka. Jicho halikufumba. Dada yangu alikuja kuonja kabla watu hawajapakuliwa, akasimama pale na kijiko, akachukua sahani. Baadaye nikamwona na sahani ya pili. Nikajifanya sikuona, lakini niliona! Na mwanangu, ndani kwa maharusi, alituma mtu aje kuniuliza kama nimemwekea ukoko, kama nilivyokuwa nikimwekea alipokuwa mdogo. Nilimwekea. Hapo nililia, na mara hii nilijua nalilia nini.

Basi namshukuru Mola. Nawashukuru daktari na yule muuguzi, mwanangu aliyenishika mkono, mume wangu aliyeketi msikitini badala ya kunijibu. Na neno langu kwenu ni dogo. Ukiulizwa kama wameza dawa, usiseme ndiyo ukanyamaza. Sema wameza saa ngapi, na nini, na baada yake wala nini, hata kama waona ni upuuzi. Msinifuate mimi, kila dawa ina adabu yake. Ziko ambazo huambiwa zimezwe na chakula. Uliza ya kwako. Na marehemu mama yangu msimlaumu, tembe za kichwa alizijua vizuri.

Lakini aliyeniokoa ni yule aliyeona pengo langu kwenye chai. Kwa sababu sasa asubuhi nameza, na saa nzima siruhusiwi hata harufu ya iliki. Yeye huja wakati wake ule ule, na chupa yake, ataketi nayo imefunikwa, anatunga shanga. Nilimwambia, "Shoga, wewe huna tezi. Kunywa, utachelewa kazini."

Akanijibu bila kuinua macho: "Nimekunywa peke yangu kila Ramadhani. Yatosha."

Hunisubiri saa nzima, kila siku.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naona viazi hivyo vimefika, na kidonge changu nimekimeza tangu alfajiri. Nina ruhusa.